Kuwasha pampu ya volti 230 kutoka kwenye bodi ya volti 5 bila kuuvunja mpaka wa usalama

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina kisima au tangi la chini, pampu, na simtanki lililopandishwa juu ya mnara, kwa sababu maji ya bomba hayatoki kila siku na kila saa. Mwenye nyumba akichoka kupanda ngazi kuangalia kama tangi limejaa, huanza kutafuta kidhibiti kitakachowasha na kuzima pampu chenyewe, na kijana wa mtaa mwenye ujuzi wa Arduino au ESP32, yaani bodi ndogo zenye mikrokontrola (kompyuta ya chipu moja), humtengenezea kimoja kwa vifaa alivyonunua Kariakoo kwa siku moja. Kidhibiti hicho mara nyingi hufanya kazi vizuri. Lakini kufanya kazi na kuwa salama ni mambo mawili tofauti, na katika kifaa hiki tofauti hiyo ni kubwa kuliko kawaida, kwa kuwa waya wa kihisio unaingia ndani ya maji ambayo watu watayaogea, watayachota kwa ndoo za bati na kuyagusa wakiwa pekupeku juu ya sakafu yenye maji.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuamrisha swichi ya umeme wa hatari kutoka kwenye sakiti ya volti ndogo iliyotengwa nayo kabisa. Mfano nitakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni pampu ya fezi moja yenye nguvu ya kilowati 1.5, yaani kama hospawa mbili, inayowashwa kwa kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa kwa sumaku ya koili, ambayo koili yake ni ya volti 230. Kwa lugha ya TANESCO, volti 230 na 400 ni msongo mdogo, na msongo wa kati ni ule wa kilovolti 11 na 33 unaopita juu ya nguzo kwenda kwenye transfoma za mitaani. Mwongozo huu hauhusiani kabisa na kilovolti 11 wala 33. Hata hivyo kwa mwili wa mtu na kwa pini ya mikrokontrola, volti 230 ni kubwa mno, kwa hiyo nitaita upande huo upande wa hatari, na ule wa volti 5 nitauita upande wa mkono, kwa sababu ndio upande ambao mkono wa mtu unaruhusiwa kuufikia.

Kabla ya yote, kazi ya kuunga laini ya pampu, breka na kontakta kwenye mfumo wa nyumba ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Unaweza kubuni na kujaribu bodi mezani kwako, lakini kuifunga kwenye nyumba ya watu bila fundi wa aina hiyo ni kosa, na naomba ulichukulie hivyo hata kama wewe mwenyewe una mkono mzuri.

Hatua ya kwanza: chora mpaka kabla ya kuchora sakiti

Chukua karatasi, chora mstari mmoja mnene katikati kutoka juu hadi chini. Kushoto andika vitu vyote ambavyo mtu anaweza kuvigusa au ambavyo vinaelekea mahali anapogusa: mikrokontrola, vitufe, skrini, waya wa USB, vihisio vya tangi. Kulia andika vyote vyenye uhusiano wa shaba na waya wa TANESCO: laivu, nyutro, triaki (swichi ya kielektroniki ya umeme wa AC), koili ya kontakta, pampu. Sasa orodhesha kila kitu kinachovuka mstari. Katika kidhibiti chetu vinapaswa kuwa vitatu tu, navyo ni optokapla inayopeleka amri kwa mwanga bila waya wa shaba, chaja au pawasaplai inayoleta volti 5, na relei ya akiba nitakayoieleza baadaye. Kitu cha nne kikijitokeza, usiendelee mpaka ujue kwa nini kipo.

Nasisitiza karatasi hii kwa sababu kosa ninaloliona zaidi si la kuchagua optokapla mbovu. Watu hununua optokapla nzuri yenye uwezo wa kuhimili zaidi ya volti 4000 kati ya pande zake, kisha wanaupitisha umeme uleule pembeni yake kwa njia nyingine. Mfano ulio wazi ni zile bodi ndogo za relei za rangi ya bluu zinazouzwa kila duka. Nyingi zina optokapla juu yake na muuzaji atakuambia kwamba zimetengwa, lakini zina kipande kidogo cha plastiki kinachounganisha pini iliyoandikwa VCC na ile iliyoandikwa JD-VCC. Kikiachwa pale, koili ya relei na mikrokontrola vinatumia chanzo kimoja cha umeme, na optokapla inabaki pambo. Hata ukikitoa, optokapla ile inaitenga mikrokontrola na koili ya relei tu. Kinachoitenga na volti 230 ni nafasi iliyo ndani ya relei yenyewe, pamoja na umbali wa nyaya za shaba zilizochorwa chini ya bodi, na ukiigeuza bodi utaona kwamba katika nyingi kati ya hizo, nyaya za konekta ya umeme zimepita milimita mbili au tatu tu kutoka kwenye pini za koili.

Hatua ya pili: chagua kinachovuka mpaka

Kuna njia tatu za kawaida za kupeleka amri ng'ambo. Ya kwanza ni relei ya sumaku, ambayo amri yake huvuka kwa uga wa sumaku. Ya pili ni optotriaki, ambayo amri yake huvuka kwa mwanga wa taa ndogo ya infraredi iliyofungwa ndani ya plastiki pamoja na kipokezi chake. Ya tatu ni swichi kamili ya kielektroniki iliyofungwa tayari, ile ambayo mafundi huiita SSR, na ndani yake ina optokapla na triaki au thairista mbili.

Kuhusu SSR nitasema kwa ufupi kwa kuwa nimeumizwa nayo. Niliwahi kununua moja iliyoandikwa ampea 40, ikafungwa kwenye pampu iliyovuta chini ya ampea 11, na baada ya siku chache iliungua ndani na kubaki imeshikana. Pampu iliendelea kufanya kazi usiku kucha huku kidhibiti kikiamini kuwa kimeizima, na asubuhi uwanja mzima ulikuwa umefurika. Nilipoifungua nilikuta kipande cha triaki ambacho kwa ukubwa wake hakingeweza kubeba hata nusu ya ampea zilizoandikwa. Bidhaa za kughushi za aina hii ni nyingi. Ukilazimika kuitumia SSR, nunua kwa wakala anayejulikana, ifunge kwenye hitisinki (bati la kupoozea), na usiitumie kwa zaidi ya theluthi moja ya ampea zilizoandikwa ikiwa mzigo ni mota.

Kwa mfano wetu nachagua optotriaki inayoamrisha triaki ndogo, triaki nayo iamrishe koili ya kontakta, na kontakta ndiyo ibebe pampu. Mpangilio huu una faida kubwa: mkondo mkubwa wa pampu, ambao wakati wa kuanza hufika mara tano au sita ya ule wa kawaida, haupiti kabisa kwenye bodi yako, na kontakta ikizimwa hukata kwa nafasi ya hewa kati ya vipande viwili vya chuma, jambo ambalo triaki haiwezi kulifanya.

Optotriaki ziko za aina mbili, na hapa ndipo wengi hukosea. Aina ya kwanza, kama MOC3063, husubiri volteji ipite karibu na sifuri ndipo iwake. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo volteji hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na subira hiyo haizidi milisekunde 10. Aina hii ni nzuri sana kwa hita na balbu, maana hupunguza kelele za redio na mshtuko wa mkondo. Aina ya pili, kama MOC3053, huwaka papo hapo inapopewa amri bila kuangalia volteji iko wapi. Koili ya kontakta ni mzigo wa sumaku, na mkondo wake huchelewa nyuma ya volteji. Mkondo unapofika sifuri na triaki kutaka kuzimika kwa muda mfupi, volteji imekwisha kupanda, na optotriaki ya kusubiri sifuri inaweza kukataa kuwaka tena mpaka nusu-mzunguko unaofuata. Matokeo yake koili hupata umeme wa kukatika-katika, kontakta hunguruma, na koili hupata moto. Kwa kontakta, chagua MOC3053 au ndugu zake MOC3051 na MOC3052, ambazo zote huhimili volti 600. Tofauti yao ni mkondo wa kuwashia taa ya ndani: MOC3051 huhitaji hadi miliampea 15, MOC3052 hadi 10, na MOC3053 hadi 5.

Usinunue zile za volti 400 kwa ajili ya umeme wetu. Volti 230 ni thamani ya RMS tu, si kilele. Kilele chake ni 230 mara 1.414, yaani takriban volti 325, na umeme ukirudi baada ya kukatika au mota ya jirani ikizimwa, vilele vya muda mfupi hupita 400 bila taabu.

Hatua ya tatu: piga hesabu za upande wa mkono

Taa ya ndani ya MOC3053 hutumia takriban volti 1.3. Ingawa miliampea 5 zinatosha kuiwasha ikiwa mpya, mwanga wa taa hizi hufifia kadiri miaka inavyopita, hasa kwenye joto la boksi lililofungwa ukutani upande wa jua, kwa hiyo ninaipa kama miliampea 11. Kwa bodi ya volti 5 hesabu ni 5 toa 1.3, gawanya kwa rezista ya omu 330, unapata miliampea 11. Kwa ESP32 ya volti 3.3 tumia omu 180, utapata miliampea zilezile 11. Pini za ATmega328 iliyoko kwenye Arduino Uno haifai kuzizidishia miliampea 20 katika matumizi ya kila siku, kwa hiyo hapa hatuhitaji transista.

Ongeza rezista ya kilo-omu 10 kutoka kwenye pini ya amri kwenda kwenye hasi. Mikrokontrola inapoanza, au inapojizima na kujiwasha yenyewe, pini zake huelea kwa muda, na baadhi ya pini za ESP32 hupanda juu zenyewe wakati wa kuanza. Soma karatasi ya data ya bodi yako, chagua pini ambayo hubaki chini, na uiachie rezista hiyo kazi ya kuishikilia huko mpaka programu itakaposhika usukani.

Unga pini namba 1 ya optotriaki kwenye rezista ya amri na namba 2 kwenye hasi ya volti 5. Pini namba 3 na 5 zisiungwe popote, na namba 5 hasa usiipe njia ya shaba hata ya mapambo.

Hatua ya nne: upande wa hatari

Pini namba 6 na 4 ndizo zinazofungua na kufunga. Triaki ina miguu mitatu: A1, A2, na geti linalopokea amri. Kutoka kwenye mguu wa A2, pitisha rezista ya omu 360 ya wati 1 hadi pini namba 6, kisha kutoka pini namba 4 nenda kwenye geti la triaki. Thamani ya 360 haikubahatishwa: kilele cha volti 325 kikigawanywa kwa 360 kinatoa ampea 0.9, na optotriaki hizi huhimili kilele cha ampea 1 kwa muda mfupi. Kati ya geti na A1 weka rezista ya omu 330, ili mvujo mdogo wa optotriaki ikipata joto usiiwashe triaki bila amri.

Sasa kuhusu triaki yenyewe. Mazoea ya mafundi wetu ni kuchukua kubwa, kwa imani kwamba kubwa ni salama zaidi, na BTA16-600B ya ampea 16 ndiyo iliyo mkononi kwa kila mtu. Kwa koili ya kontakta hilo ni kosa. Kila triaki ina mkondo wa kushikilia, yaani mkondo wa chini kabisa ambao lazima uendelee kupita ili ibaki imewaka, na kwa BTA16-600B mkondo huo unaweza kufika miliampea 50. Koili ya kontakta ndogo ikishashika huvuta miliampea 30 hadi 40 tu. Triaki kubwa itawaka na kuzimika, na utatafuta kosa kwenye programu wiki nzima bila kulipata. Tumia BT136-600E, ambayo mkondo wake wa kushikilia hauzidi miliampea 15 na geti lake linawaka kwa miliampea 10 katika roboduara tatu (michanganyiko ya chanya na hasi kati ya geti na A2), zikiwemo mbili tunazozihitaji. Kwa mzigo huu mdogo haihitaji hitisinki. Kumbuka tu kwamba bati la mgongoni mwa BT136 ya kawaida limeunganishwa na A2, kwa hiyo ni sehemu ya umeme wa hatari na lisiguse boksi la chuma.

Sambamba na triaki, kati ya A1 na A2, weka rezista ya omu 39 ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 10. Kapasita hiyo lazima iwe ya daraja la X2, iliyoandikwa volti 275 za AC au zaidi. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa volti 400 za DC ikitoboka hubaki imeshikana na inaweza kuwaka moto, wakati ile ya X2 imetengenezwa kujiponya inapotobolewa na vilele. Usishawishike kuweka nanofaradi 100 kwa sababu ndiyo uliyonayo. Kwa hezi 50 na volti 230, kapasita ya nanofaradi 10 inapitisha takriban miliampea 0.7 hata triaki ikiwa imezimwa, na ya nanofaradi 100 inapitisha miliampea 7 hivi, ambazo zinaweza kuifanya kontakta isiachie vizuri na pia zinatosha kumuumiza mtu anayedhani kwamba waya umezimwa. Kwa sababu hiyo hiyo triaki iliyozimwa haihesabiki kamwe kuwa umeme umekatwa. Anayetaka kushika koili azime breka kwanza, kisha apime.

Kati ya laivu na nyutro, baada ya fyuzi ya ampea 1 inayolinda tawi hili la koili peke yake, weka varista ya kumeza vilele. Watu huweka namba 431, ambayo ni ya volti 275. Mimi hutumia 471, ya volti 300, kwa sababu volteji ya mitaa yetu hupanda usiku wa manane mizigo inapopungua, na varista inayofanya kazi karibu na ukomo wake hufa mapema. Triaki ikae upande wa laivu. Ukiikatia nyutro, koili nzima itabaki na volti 230 hata ikiwa imezimwa.

Hatua ya tano: umbali juu ya bodi

Hii ndiyo hatua ninayoomba uifanye polepole kuliko zote. Umeme huvuka mpaka kwa njia mbili. Huruka hewani, na hutambaa juu ya uso wa bodi. Kutambaa kunategemea sana unyevu, vumbi na chumvi, na sisi tunaishi pwani. Bodi iliyofungwa Kigamboni au Msasani kwenye boksi lenye tundu huwa na utando wa chumvi na vumbi baada ya misimu miwili ya mvua, na utando huo ukipata unyevu wa asubuhi hupitisha umeme. Umbali unaotosha kwenye maabara yenye kiyoyozi hautoshi hapo.

Acha milimita 8 kamili kati ya shaba yoyote ya upande wa mkono na shaba yoyote ya upande wa hatari. Optotriaki ya kawaida ya miguu sita ina milimita 7.62 kati ya safu zake mbili, na ukiondoa unene wa vidoto vya kuungia hubaki kama milimita 6. Kwa hiyo kata ufa kwenye bodi chini yake, kati ya safu mbili za miguu, kwa msumeno mwembamba au faili, upana usiopungua milimita 1 na urefu unaopita miguu pande zote mbili. Ufa huo unaulazimisha umeme unaotambaa uzunguke. Iwapo utapata ile iliyokunjwa miguu kwa upana wa milimita 10.16, itumie hiyo.

Bodi za matobo zenye vidoto kila baada ya milimita 2.54, ambazo wanafunzi wengi huzitumia, zina vidoto vya shaba hata mahali usipovihitaji. Kila kidoto kilichoko katika eneo la mpaka kinapunguza umbali. Kibandue kwa ncha ya kisu na chuma cha kuungia, mpaka eneo lote la milimita 8 libaki tupu. Ukimaliza kuunga kwa risasi, safisha mabaki ya fluksi kwa spiriti na brashi, acha bodi ikauke siku nzima, kisha ipake vanishi ya umeme pande zote mbili, isipokuwa kwenye konekta. Vanishi si mbadala wa umbali, bali inaulinda umbali uliokwisha kuuweka.

Nyaya nazo zina mpaka wao. Waya wa kihisio na waya wa koili visipite tundu moja, visifungwe kwa kamba moja, na visikae katika mfereji mmoja wa plastiki. Fikiria waya wa upande wa hatari umechomoka kwenye konekta yake kwa sababu skrubu imelegea: je, ncha yake inaweza kufika kwenye bodi ya mikrokontrola? Ikiwa inaweza, weka ukuta wa plastiki katikati ya boksi.

Hatua ya sita: chaja

Optokapla nzuri haina maana ikiwa volti 5 zinatoka kwenye chaja ya simu ya bei ya chini ambayo ndani yake transfoma imefungwa kwa utepe mmoja na pande mbili ziko milimita 2 mbalimbali. Kuna hata bodi zinazouzwa bila transfoma kabisa, zinazopunguza volteji kwa kapasita peke yake, na katika hizo volti 5 yako yote imeunganishwa na laivu au nyutro moja kwa moja. Usizitumie kamwe katika kifaa chenye waya unaokwenda kwenye maji. Nunua pawasaplai iliyofungwa ndani ya plastiki ya mtengenezaji anayetoa karatasi ya data, ambayo inataja volti 3000 au zaidi za uhami kati ya kuingia na kutoka.

Hasi ya volti 5 iunge kwenye ethi ya nyumba. Wapo wanaopinga wakisema sakiti ielee, lakini kwa kifaa kinachogusana na maji mimi nachagua ethi, kwa sababu uhami wowote ukivunjika, mkondo utakimbilia ardhini na kuiangusha breka ya mvujo ya miliampea 30 badala ya kumngojea mtu. Sharti la ushauri huu ni kwamba breka ya mvujo iwepo na ethi iwe ya kweli. Katika udongo wa kichanga wa sehemu nyingi za mji huu, fimbo moja fupi iliyopigwa wakati wa kiangazi haitoshi, na fundi aipime kwa kifaa chake badala ya kuiangalia kwa macho.

Kwa vihisio tumia swichi za boya zilizozibwa badala ya vyuma viwili vilivyozamishwa majini. Vyuma vyenye umeme wa DC huliwa haraka na kutia maji kutu.

Hatua ya saba: jiandae kwa triaki kushikana

Triaki ikiharibika, mara nyingi hushikana badala ya kukatika. Kwa hiyo lazima pawe na njia ya pili ya kuzima ambayo haiutegemei mwanga wala programu. Weka swichi ya pili ya boya juu kidogo ya ile ya kwanza. Iunge kwenye koili ya relei ya volti 5 yenye uhami ulioimarishwa, na mguso wa relei hiyo uwe mfululizo na koili ya kontakta. Maji yakifika kwenye boya la pili, boya linakata volti 5, relei inaachia, na kontakta inaachia hata triaki ikiwa imeungua. Waya ukikatwa na panya, pampu haiwaki. Angalia kwamba boya lenyewe limebaki upande wa mkono. Usiliweke boya la volti 230 ndani ya tangi la nyumba hata kama muuzaji anasema limezibwa vizuri. Sambamba na koili ya relei weka daiodi ya 1N4007, kitako chake chenye mstari kikielekea kwenye chanya.

Katika programu weka mambo mawili zaidi. Pampu isifanye kazi zaidi ya muda ambao tangi linahitaji kujaa, na umeme ukirudi baada ya kukatika isubiri dakika tatu. Kontakta nyingi zimehakikishwa kushika kati ya asilimia 85 na 110 ya volteji yake, yaani kuanzia takriban volti 195. Mtaa ulio mwishoni mwa laini unaposhuka chini ya hapo jioni, kontakta hutetemeka na miguso yake huungana kwa joto. Kilinda-volteji cha kununua, kilichofungwa kabla ya kontakta, kinamaliza tatizo hili vizuri kuliko programu.

Hatua ya nane: majaribio, kwa mpangilio huu

Jaribu upande wa mkono peke yake kwanza, bila waya wowote wa TANESCO, ukiwa umeweka taa ndogo ya LED mahali pa optotriaki. Washa na uzime mikrokontrola mara 20 na uangalie kama taa inamweka wakati wa kuanza.

Pili, funganisha pamoja ncha zote za upande wa hatari, zikiwemo za kuingilia pawasaplai, na funganisha pamoja ncha zote za upande wa mkono, ukiwa umeondoa ethi kwenye hasi. Pima kati ya makundi hayo kwa mega (kifaa cha kupimia uhami) ya volti 500. Kwa bodi kavu na safi mimi sipokei chini ya megaomu 100. Ikisoma chini ya hapo, safisha, kausha na upime tena, na ikibaki vilevile tafuta kidoto ulichokisahau. Ncha za upande mmoja lazima zifungwe pamoja kwanza, vinginevyo volti 500 zinaweza kupita ndani ya vifaa vyako.

Tatu, rudisha ethi kwenye hasi, weka balbu ya wati 40 mahali pa koili ya kontakta, na ulete umeme kupitia balbu nyingine ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa mfululizo, pamoja na breka ya mvujo. Kukiwa na kosa la kuungana, balbu ya mfululizo itawaka kwa nguvu zake zote na bodi itasalimika. Fanya kazi kwa mkono mmoja, vaa viatu vikavu, na asikosekane mtu mwingine anayejua breka ilipo. Usiunge kompyuta kwa USB wakati umeme wa hatari upo. Pakia programu, chomoa, kisha ndipo uwashe.

Nne, pima volteji kati ya hasi ya volti 5 na ethi. Iwe sifuri au karibu yake. Ukisahau kuunga ethi, multimita ya kidijitali inaweza kukuonyesha volti 80 au 110 na ukashtuka. Mara nyingi huo ni mvujo mdogo wa kapasita iliyoko ndani ya pawasaplai, na ukipima mkondo kati ya nukta hizo mbili utakuta ni sehemu ya miliampea. Ukikuta zaidi ya nusu miliampea, pawasaplai hiyo haifai, ibadilishe.

Tano, baada ya fundi kufunga kontakta, oveloodi (kilinda-mota dhidi ya mkondo uliozidi) iliyorekebishwa kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha pampu, na breka, washa pampu na uiache ifanye mizunguko kumi ya kuwaka na kuzima. Kisha, pampu ikiwa inafanya kazi, inua boya la pili kwa mkono na uhakikishe kontakta inaachia. Rudia jaribio hilo la boya kila baada ya miezi sita, na mara baada ya masika fungua boksi, breka ikiwa imezimwa, uangalie kama kuna unyevu, sisimizi au utando mweupe kwenye ufa uliokata chini ya optotriaki. Sisimizi hupenda joto la boksi hizi, na miili yao iliyokufa huujaza ufa huo na kujenga daraja, kwa hiyo ziba matundu ya nyaya kwa glandi zenye mpira na uelekeze nyaya zote ziingie kutoka chini.